Mlango wa Saa Sita Mchana

Jiji la Mexico, 14 Mei 2005

Bibi yangu Cuca,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na kuku wako bado wanataga kama mwaka jana. Huku sote wazima. Baba ametolewa mtoto wa jicho, sasa anaona vumbi kila kona na hatupumui kwa lawama. Binti yetu Ximena ameng'oka meno mawili na anapiga mluzi akisema jina lake. Fermín, mume wangu, anakusalimu na kuuliza kama bado unamkasirikia kwa kusema mchuzi wako wa mole una chumvi nyingi. Nimemwambia utamkasirikia mpaka siku ya kiyama.

Ningekupigia simu, lakini najua unavyosema, kwamba simu inakuvumia sikioni tu. Basi nakaa niandike.

Unajua Fermín anavyopenda filamu za zamani. Jumamosi alikuja na diski ya filamu ya kutisha ya hapa kwetu, iliyotengenezwa mwaka 1936. Inaitwa *Bi Harusi wa Chokaa*. Miaka yote watu walikuwa na nakala mbovu tu, yenye michirizi kama mvua, na kipande kizima hakipo. Juzi juzi mkanda mzima umepatikana kwenye kabati la mtu, mafundi wakausafisha picha moja moja, na sasa unauzwa watu watazame majumbani. Hadithi yenyewe ni ya msichana aliyejengewa ndani ya ukuta siku ya harusi yake, akatoka akiwa mweupe mwili mzima kumtafuta bwana harusi.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, mimi nachambua maharage. Nilikuwa nacheka. Ukuta ukapasuka, yule bi harusi akatoka, akaja mpaka uso wake ukajaa runinga nzima. Bakuli likaniponyoka.

Bibi, ni Bibi Eduviges. Dada yako. Ile ile picha yenye utepe mweusi inayowekwa kwenye meza ya marehemu kila Novemba tangu sijazaliwa. Nyusi moja juu kuliko nyingine, na alama nyeusi pembeni ya jicho la kushoto.

Fermín ananicheka. Lakini nieleze wewe: mtu aliyekufa kwa homa mwaka 1934 anafanya nini kwenye filamu ya mwaka 1936? Nimeifunika runinga kwa shali. Ximena anauliza kama imeshikwa na baridi.

Mjukuu wako,
Maricruz


Atlixco, 2 Juni 2005

Maricruz mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Kuku wanataga, isipokuwa yule mweusi, ambaye ni mvivu kama mumeo. Mwambie sijamsamehe. Mwambie baba yako vumbi limekuwepo siku zote, ni yeye aliyekuwa haoni. Maua ya maboga yamekubali mwaka huu, nikipata mtu wa kuja huko nitakuletea ukaange na jibini.

Kuhusu hiyo filamu. Watu hufanana. Padri Eligio anafanana na beberu wa jirani yangu Chona, na hatujawahi kusema ni ndugu. Wasichana wa zamani wote walikuwa na nyusi zile zile, walizinyoa wakazichora wenyewe. Eduviges alikufa kwa homa ya matumbo huko mjini, Machi 1934. Baba yetu alikwenda na kurudi na ile picha. Walimzika huko huko kwa sababu ya maambukizi. Unayajua haya, umeyasikia mara mia.

Rudisha hiyo diski dukani. Usiitazame tena, na usiitazame mbele ya mtoto. Baba yako usimwambie, macho yenyewe mapya, asije akayaharibu kwa upuuzi.

Mungu awalinde.
Bibi yako, Cuca

Nimekwisha kufunga bahasha nikaifungua tena. Umesema anatoka ukutani na kuja karibu. Anatembeaje?


Jiji la Mexico, 19 Juni 2005

Bibi Cuca,

Shikamoo tena. Sote wazima, ila mimi silali vizuri. Fermín anasema nimekuwa kama paka, kila kitu kinanishtua. Jana nilipita dukani nikaona uso wangu kwenye kioo nikapiga kelele, mwenye duka akadhani nimeibiwa.

Sikuirudisha. Nisamehe. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niitazame tena, mchana, madirisha wazi, rozari mkononi. Wewe uliyenikataza ndiye uliyeniuliza.

Anachechemea, Bibi. Mguu wa kulia anauweka chini taratibu, kama anakanyaga miiba, halafu anauvuta. Ndani ya boksi mna kijitabu kilichoandikwa na msomi mmoja, naye ameujazia mwendo ule kurasa mbili. Anasema ni mwendo wa kutisha kuliko yote aliyoiona, na kwamba hakuna ajuaye huyo msichana aliufundishwa na nani. Na kweli unatisha. Hata nikiziba masikio namsikia anakuja.

Anasema neno moja tu filamu nzima. Anafika mlangoni kwa yule bwana, anaweka kiganja juu ya ubao, anasema, "Nimerudi." Sauti yake si ya mzimu. Ni sauti nene kidogo, ya mtu aliyechoka.

Bibi, nina jambo limenijia. Tulipokuwa wadogo tulikuja kwako kila Novemba. Siku ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, kengele zikilia kuwakaribisha marehemu, nyumba zote Atlixco ziliacha milango wazi, na maua ya njano yamemwagwa kutoka barabarani mpaka mezani ili wasipotee. Wewe peke yako ulikuwa unatia komeo. Unamwaga maua mpaka mlangoni kama wengine, halafu unafunga. Baba alitwambia unaogopa upepo.

Unaogopa nini, Bibi?

Maricruz


Atlixco, 7 Agosti 2005

Maricruz,

Marahaba. Nimechelewa. Jogoo amekufa. Sina habari nyingine.

Barua yako imekaa wiki sita ndani ya kopo la sukari. Nilianza kukujibu mara nne, nikachoma. Chona amenikuta nachoma karatasi jikoni akaniuliza, "Vipi comadre, shoga yangu, una mchumba unamficha?" Nikamwambia ndiyo, tena kijana. Tukacheka. Alipoondoka nikachukua karatasi nyingine.

Nataka unijibu mambo mawili tu, na usiniulize kwa nini. Hicho kijitabu kinasema filamu ilipigwa mwezi gani? Na ule weupe wa usoni, ulikuwa rangi gani? Ulitoka kwa maji?

Ninaogopa, mwanangu. Nina miaka sabini na minane, nimezika mume na watoto wawili, na sijawahi kuandika neno hilo. Kama majibu si yale ninayoyadhani, niambie haraka. Kama ndiyo yenyewe, niambie pia.

Cuca


Jiji la Mexico, 15 Agosti 2005

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole kwa jogoo. Ximena amemchora akiwa na mabawa, mchoro umo humu ndani.

Nakujibu siku ile ile niliyopata barua. Kijitabu kinasema walipiga picha kwa wiki tatu, wakamaliza Ijumaa tarehe 30 Oktoba 1936. Walikimbizana sana siku za mwisho kwa sababu mafundi wote walitaka kurudi makwao kwa ajili ya siku za wafu. Mwigizaji mkuu alikataa kupakwa ule weupe, akasema utamharibu ngozi. Basi wakamchukua msichana mmoja kutoka kwenye kundi la wasio na majina, wakampaka yeye. Ilikuwa unga wa zinki uliochanganywa na utomvu wa msonobari. Mwongozaji mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba haukutoka kwa maji wala kwa sabuni. Yule msichana alitembea nao karibu wiki nzima. Jina lake hakulikumbuka, alikumbuka tu kwamba alikuwa mtu wa Puebla, jimbo lenu.

Picha zimesafishwa mno, mtu unaona hata kifungo. Amevaa viatu vyeupe vya mkanda, vipya kabisa.

Hayo ndiyo majibu. Nimetimiza, sikuuliza kwa nini. Lakini nami naogopa, Bibi, na yangu ni hofu ya kutojua, ambayo nadhani ni mbaya zaidi. Niambie.

Maricruz


Atlixco, 25 Septemba 2005

Mwanangu Maricruz,

Marahaba. Mchoro wa jogoo nimeubandika jikoni. Mvua zimekatika, maua ya njano yamefunga machipukizi, mwaka huu yatakuwa mengi. Hizo ndizo salamu. Sasa keti.

Hofu ya kwako si mbaya zaidi ya yangu.

Mwaka 1936 siku ya kwanza ya Novemba iliangukia Jumapili. Nilikuwa na miaka tisa. Baba na mama walikwenda makaburini kung'oa majani, wakaniacha nyumbani peke yangu nichochee ubani na kumalizia maua. Nilipewa maneno mawili tu: moto usizime, na mlango usifungwe mpaka kengele zimalize. Picha ya Eduviges ilikuwa mezani kwa mwaka wa tatu, na utepe wake, na kikombe cha chokoleti alichokipenda.

Nilimpenda kuliko mama. Alinisuka nywele, alinifundisha kufunga kamba za viatu. Nilipokuwa namwaga maua nilisema kwa sauti, kama tulivyofundishwa, "Dada, njoo, njia ndiyo hii."

Kengele zikaanza. Nikainua macho. Alikuwa anakuja barabarani, juu ya maua yangu.

Alikuwa mweupe. Si weupe wa mtu, Maricruz, weupe wa ukuta. Uso, shingo, mikono mpaka kucha. Nyusi zile zile. Alikuwa anachechemea. Jua lote la saa sita lilikuwa juu yake na bado niliona baridi mpaka kwenye meno. Tunawaita marehemu kila mwaka, lakini hakuna aliyeniambia mtu anafanya nini wakija kweli.

Nikafunga. Nikatia komeo, nikaburuta kiti, nikakaa juu yake.

Akagonga. Akasema, "Cuca, ni mimi. Fungua." Akagonga tena. Akasema, "Fungua, kipenzi, nimetoka kituoni kwa miguu na viatu hivi vinaniua."

Nilianza kupiga kelele. Nilisema maneno yote niliyofundishwa ya kumfukuza asiye wa Mungu. Nilimwambia arudi kaburini. Nilimwambia ananuka. Hakuwa ananuka, ulikuwa ubani.

Nadhani alikaa chini, maana nilisikia mgongo wake ukigusa ubao. Halafu akasema taratibu, "Kwani wamekwambia nimekufa?"

Nilikishika kiti kwa mikono miwili. Kengele zilipokwisha nilisikia mguu mmoja unaburutwa, unakwenda. Sikuchungulia.

Baba na mama waliporudi nilimwambia baba peke yake. Nilidhani atanikumbatia. Alikuwa na jembe mkononi, likaanguka. Hakuuliza alikuwaje, hakupiga ishara ya msalaba. Aliuliza, "Amekwenda upande gani?" Akakimbia kuelekea kituo cha treni, mtu mzima, kofia ikadondoka na hakuiokota. Alirudi jioni, vumbi mpaka kifuani. Akaniambia mama asijue kamwe. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakukaa tena nyumbani saa sita ya siku ile kila mwaka.

Kwa miaka mingi nilijiambia alikimbia kumwombea. Mtoto anaweza kuamini hivyo. Mimi nilipofika miaka kumi na tano nilianza kuelewa, na nilipoelewa nikaamua kutoelewa. Eduviges alitoroka kwenda kuwa mwigizaji, na kwa baba hilo lilikuwa kufa, akamzika kwa mdomo. Lakini afadhali niwe nimeufungia mzimu nje, nilisema. Mzimu hautafuti pa kulala. Mzimu hauhitaji mtu wa kuufungulia.

Nikaendelea kutia komeo kila mwaka ili iwe kweli. Nikaendelea kuweka picha.

Ila mzimu haulalamikii viatu. Miaka sitini na tisa neno hilo moja limekuwa likinipitia kichwani, nalizuia kwa mkono kama nzi. Sasa wewe umeniandikia tarehe, na rangi, na viatu vya mkanda, na mwendo. Mwambie huyo msomi wako hakuna aliyemfundisha. Viatu vilikuwa vidogo.

Nimeandika mchana kutwa. Usinijibu kwa huruma.

Cuca


Jiji la Mexico, 9 Oktoba 2005

Bibi yangu,

Shikamoo. Baba mzima, Ximena mzima. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni.

Umesema nisikujibu kwa huruma, basi sitasema ulikuwa na miaka tisa, ingawa ulikuwa nayo. Nitakwambia nilichofanya. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye nyumba wanakotunza mikanda ya zamani. Mzee mmoja mwenye glavu nyeupe akanitolea faili ya filamu yetu. Mna karatasi ya siku ya mwisho ya kazi, ya kuwaita waigizaji kwa majina. Kwenye mstari wa bi harusi wameandika jina alilojiita yeye mwenyewe.

Refugio Luna.

Nilimwomba yule mzee anisomee tena. Alijiita kwa jina lako la ubatizo, Bibi. Wewe ndiwe Refugio pekee aliyekuwa naye. Lile Luna sijui alilitoa wapi.

Nimelitafuta jina hilo katika kila faili waliyonionyesha. Baada ya Oktoba 1936 halipo. Sijui alikwenda wapi, wala alikufa lini, wala kama alikufa. Angekuwa na miaka tisini.

Ninakuja. Tarehe mosi Novemba, basi la asubuhi, nitafika saa tano. Naleta diski na ile mashine ndogo. Ukitaka tutazame, tutatazama. Usipotaka, tutakula tamale za mahindi. Mlango ufanye utakavyo.

Maricruz


Atlixco, 6 Novemba 2005

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa kufika. Umesahau shali yako, na mumeo aliyetuma bakuli la kuchukulia mole nimemwekea yenye chumvi ya kutosha. Chona anauliza utarudi lini.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu sikukwambia ulipokuwa hapa, na usoni sitaweza.

Ulidhani nilichelewa kufungua kwa ajili ya magoti. Uliniambia, "Bibi, ungenipigia kelele tu ningengoja." Haikuwa magoti.

Siku ile niliuacha mlango wazi tangu asubuhi. Nilijivunia. Nilikaa kwenye kiti nikitazama maua mpaka barabarani. Ikafika saa tano, hukuja. Saa tano na nusu, hukuja. Basi limechelewa, nikasema, ni kawaida yao. Kisha kengele zikaanza, Maricruz, nami nikainuka na kuufunga. Nilitia komeo. Sikuamua, mikono ilifanya yenyewe. Nikawa nimesimama na mgongo kwenye ubao, bibi kizee wa miaka sabini na minane, nakojoa kwa woga. Nimekwambia, sasa unajua kwa nini nilikuwa nimebadilisha sketi.

Ukagonga. Ukasema, "Bibi, ni mimi, fungua, huu mfuko unanikata mkono."

Nilijua ni wewe. Naijua sauti yako tangu una siku moja. Na bado nilisikia viatu. Nilisikia mgongo ukiegemea. Nilijua nikifungua nitamkuta ama wewe, ama yeye akiwa hai, ama yeye akiwa mfu, na katika hao watatu nilimwogopa zaidi yule aliye hai. Mfu angenidai nini? Aliye hai angeniuliza.

Ulisimama juani dakika ngapi? Ulisema tano. Kwangu ilikuwa miaka sitini na tisa. Nilivuta komeo nikiwa nimefumba macho. Nilipokukumbatia kwa nguvu ukacheka, ukasema nitakuvunja mbavu, nilikuwa sijayafumbua bado.

Kisha tukatazama. Ulinishika mkono, ukaniambia nikitaka utazima. Alipotoka ukutani wewe ulifumba macho, nilikuona. Mimi sikufumba. Nilitazama miguu tu. Alikuwa anaumia, mtoto wa watu, na ulimwengu mzima ulikuwa unamwogopa. Alipoweka kiganja kwenye mlango na kusema "Nimerudi," uliniuliza nimesema nini. Nikakujibu hakuna. Nilikuwa nimemjibu, "Pita."

Ulipoondoka niliichukua picha yake mezani na kutoa utepe. Kwa wafu siwezi kumrudisha, sina hakika. Kwa walio hai siwezi kumtundika. Nimemweka kwenye rafu karibu na mlango. Kizingitini nimeacha ndala zangu pana, zile za bluu ulizozicheka. Kila asubuhi naogopa kuzitazama, nikihofia zitakuwa zimesogea, kisha nazitazama, hazijasogea, na hilo nalo naliogopa.

Hofu haijanitoka. Usidanganyike kwamba bibi yako amepona. Lakini komeo nimemwita Chona aling'oe kwa nyundo, misumari yote. Akaniuliza, "Na wezi je, comadre?" Nikamwambia waingie, wavue viatu.

Bibi yako,
Refugio